Makabidhiano ya Stoo Namba Saba

Kwa Ndeshukurwa, anayeanza Jumatatu.

Tromboni nne. Andika tatu.
Ya nne inalia, lakini mrija wake
ulikunjwa na lori la viti, mahafali ya mwaka ule wa mvua,
na fundi rejeta wa Pasua akauchomelea
kwa bei ya chai mbili.
Tangu hapo ti yake hutoka na mafua.
Mpe mwanafunzi mwenye subira.
Usimpe mwenye sikio.

Tarumbeta sita. Mafuta ya vali hakuna.
Bohari wanataka risiti
ya kitu kisichouzwa Moshi nzima.
Tumia ya cherehani, tone moja,
kama alivyonielekeza mke wangu
pini zikiwa mdomoni.

Ngoma kubwa: ngozi ya kushoto ni ya mbuzi
tuliyemla sote matanga ya Kiwelu,
mpigaji wake wa kwanza.
Daftari linasema "imenunuliwa".
Liache liseme.

Sasa, wewe.
Kwenye ikama ya chuo hakuna kiumbe
kiitwacho mwalimu wa bendi.
Miaka ishirini na sita nimelipwa kama
Mkufunzi Msaidizi, Michezo na Burudani,
chini ya bwana wa mpira wa pete.
Sikukasirika kila siku.
Jumanne moja niliandika barua ya kuacha,
nikaifikisha hadi ngazi za utawala,
na kutoka huku nyuma nikasikia besi:
Namnyak, binti wa Monduli, mwaka wa pili, uhasibu,
akivuta pumzi kabla ya noti,
si juu ya noti,
jambo nililolihubiri tangu Oktoba.
Nikakaa palepale kwenye ngazi.
Nikaigeuza barua, mgongoni nikamwandikia
sehemu mpya ya besi, ngumu kidogo.
Imo kwenye faili la kijani. Usiitupe.

Chuo kitakukumbuka siku tatu kwa mwaka.
Mahafali mtafika saa kumi na mbili,
mgeni rasmi saa tano.
Shaba ikipata jua huunguza midomo; beba kitambaa.
Mtawapigia wasomi waingie, mtawapigia watoke,
kisha pilau itatolewa kwa kadi
na kadi za bendi zitakuwa zimesahauliwa.
Dai mapema, kwa maandishi.
Tumbo tupu hushusha sauti nusu hatua.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo.
Wapiga ngoma wetu hawajaisikia hiyo.
Wafundishe kuhesabu kimya.
Mimi nimeshindwa.

Hawatakuwa wanamuziki, karibu wote.
Watakwenda kukagua vitabu vya watu.
Ila Aikande alinipigia simu saa nne usiku, kutoka Same:
amekusanya watoto kumi na mmoja,
tarumbeta mbili na ndoo,
na kipimo cha sita kinawaangusha kila mara.
Nikamwimbia kipimo cha sita kwenye simu.
Salio likakata.
Sikujua kama kilifika.

Mama aliniuliza mpaka mwisho wake:
"Hasa hasa, unafundisha nini?"
Baba hakuuliza. Baba alipuliza makaburini Machame
alfajiri za Pasaka, umande ukimdondokea kutoka migombani,
akisema yeye hawapigii waliokufa,
anawapigia waliolala.
Tromboni ya nne ilikuwa yake.
Hiyo nayo haimo kwenye daftari.

Dirisha halioni mlima. Linaona jiko la kantini.
Saa saba vitunguu huingia mazoezini
na klarineti zote huharakisha.

Nimesaini kila ukurasa.
Kufuli ni bovu, na wataahidi jipya:
linyanyue kidogo kwanza,
ndipo uzungushe.