Ratili Thelathini

"Thelathini," husema Pak Tarsono
hata kabla hajafunga mwavuli,
mvua ya Purwokerto ikimchuruzika viatuni.
"Ratili thelathini, Bu Kus. Kama kawaida."
Nami naandika thelathini
katika daftari la jalada la bluu, mbele ya macho yake,
kwa wino.

Kisha anavuka barabara kula mendoan ya moto,
nami nabaki na raketi.

Nakata nyuzi kuukuu kuanzia katikati,
mshazari kwa mshazari,
fremu isije ikapinda kwa kuachiwa upande mmoja.
Naipapasa kwa kidole gumba:
hapa ilisugua sakafu,
hapa ilipigana kumbo na raketi ya mwenzake
kwenye fainali ya mtaa, enzi hizo ana bega.

Sasa bega hana.
Ana kitu kinacholia kama bawaba
anaponyoosha mkono kunipa noti.

Wasiojua hudhani kukaza ndiyo nguvu.
Uzi uliokazwa sana hautoi kitu:
unakurudishia ulichokuja nacho,
na ukija mikono mitupu unakurudishia utupu,
halafu unakudai kiwiko.
Uliolegea kidogo hukukopesha.
Hukipokea kinyoya, hukaa nacho muda wa kupepesa jicho,
ndipo hukirusha mbali kuliko ulivyostahili.
Ila mkopo una riba:
hujui sawasawa kitatua wapi.
Basi kila mtu huchagua atakachopoteza.
Vijana wote huchagua mkono,
maana wanao.

Mashine yangu ni ya kizamani,
mtaimbo wa chuma na jiwe linaloteleza juu yake.
Nalisogeza jiwe hadi thelathini. Nalirudisha.
Ishirini na tisa, mwaka aliofiwa na mkewe
akawa anacheza kila usiku hadi taa za ukumbi zizimwe.
Ishirini na saba na nusu, baada ya sindano ya kwanza.
Ishirini na tano, mwaka juzi.
Miaka kumi na tisa namwibia nusu ratili, nusu ratili,
kama muuza mchele mwenye kidole kwenye mizani.

Leo ishirini na tatu.
Za wima kwanza, ishirini na mbili kwa idadi;
fremu inajinyonga, inalalama.
Kisha za mlalo, juu, chini, juu, chini,
ncha za vidole zikiungua,
mpaka umbo linarudi.
Nafunga fundo. Nagonga kwa ukucha.
Thelathini hulia *ting*.
Hii imesema *tung*,
ndiyo maana redio yangu huwa juu wakati wa kukabidhi.

Namba ya kweli naiandika kwa penseli
katika daftari la pili, chini ya droo ya plasta.

Amerudi na mafuta midomoni
na mjukuu nyuma yake: Wening, miaka kumi,
raketi mpya, nailoni bado imeng'ang'ania mpini.
Pak Tarsono anaipokea yake,
anaigonga kwa kifundo cha kidole,
anaiweka sikioni. Redio inatangaza sabuni.
"Thelathini," anasema.
"Thelathini," nasema.

"Na huyu?"
Mtoto anadakia: "Thelathini! Kama babu!"

Babu anaitazama mvua, kitambo.
"Mpe kama babu," anasema.
"Lakini ile unayoandika kwa penseli."

Nilizima redio.
Nikalivuta jiwe hadi kumi na tisa,
na hakuna aliyetaja namba yoyote
mpaka uzi wa kumi na moja,
Wening alipouliza mbona mashine inapumua.