Mgongo wa Kamongo

Nilimpima kwa futi siku alipoletwa:
inchi ishirini na mbili toka shingo hadi mkia,
inchi nne toka tumbo hadi sakafu.
Fundi wake, nikasema, aliishiwa kitambaa miguuni.
Mama mmoja wa kiwanda cha minofu ndiye aliyewaleta,
yeye na dada yake Nembe, ndani ya kreti la soda,
malipo ya magauni manne
kabla ndege haijamrudisha kwao.
Deni langu likabweka usiku kucha.

Nyumba yangu iko Mabatini, juu, kwenye mawe.
Vidato thelathini na kimoja toka barabarani,
hakuna kinacholingana na mwenzake.
Juu ya mawe wanaishi pimbi,
na mbwa hawa, huko walikozaliwa babu zao,
waliumbwa kumfuata nyegere shimoni.
Mwambie basi Kamongo kwamba pimbi si nyegere.
Mwambie akiwa hewani.

Aliruka Jumanne.
Jumatano aliamka nusu: mbele mbwa, nyuma gunia.
Akaitazama miguu yake, akanitazama mimi,
kama mtu anayeuliza nani kazima taa.

Daktari Kwilasa alipanda akihema,
mkobani sindano za ng'ombe.
"Mgonjwa wangu akilala siku tatu," alisema,
"wenyewe hunoa visu."
Kisha akapiga magoti, akabinya vidole vya nyuma
kimoja kimoja, taratibu,
mpaka kimoja kikajibu:
kilijivuta upana wa uzi.
"Kati ya pingili na pingili kuna kijito.
Kimoja kimepasuka."
Hapo nikaelewa. Pamba imetoka nje.
"Wiki sita asiruke, asipande, asifurahi mno."

Asifurahi! Huyu ambaye mkia wake
hushangilia hata nikikohoa.

Nikajifunza ambayo cherehani haikunifundisha.
Kumkamua mkojo mara tatu kwa siku,
kiganja chini ya tumbo, unasubiri,
kama unamkamua mbuzi asiyekuamini.
Kuficha nusu kidonge katika tonge la ugali
na kulikuta tonge limekwisha,
nusu kidonge kando ya bakuli, safi, kimeoshwa.
Kumshonea mkanda wa nyonga
kwa kipande kilichobaki cha sare ya harusi ya Sayi
(bi harusi hajui),
na kutembea nyuma yake nimeinama
mpaka mgongo wangu nao ukaomba zamu.

Halafu unene. Jamani, unene!
Mtaa mzima ulimletea mgonjwa mapanki.
Nikaandika ubaoni, chini ya bei ya kupunguza suruali:
USIMLISHE MBWA. MTAMUUA KWA HURUMA.
Nembe, asiyejua kusoma,
akaendelea kupokea kwa niaba yake.

Usiku wa wadudu wa ziwa,
wingu lilipotoka majini likaja kujazana kwenye balbu,
Kamongo aliwadaka kwa mdomo, amelala vilevile.
Jina nilimpa kwa ajili ya urefu tu.
Usiku ule nikamkumbuka mwenye jina, yule samaki:
maji yakikauka hujizika topeni
akangoja.

Wiki ya tano, kabla ya adhana,
nikasikia mtu anabisha hodi.
Mlangoni hapakuwa na mtu.
Mkia ulikuwa unapiga mbao za kreti.

Bujiku seremala akanitengenezea mteremko wa mbao
kando ya vidato, juu yake zulia kuukuu.
Watu wakauita Barabara ya Mbwa. Walicheka sana.
Mama Nkwimba alicheka kuliko wote,
mpaka jioni moja nilipomkuta katikati yake,
mkono ukutani, ndoo kichwani, magoti yake mabaya
yakipanda bila kulalamika,
na Kamongo nyuma yake,
kiuno kikienda upande kama mshono wa mwanafunzi.
"Unatazama nini?" akaniuliza. "Pisha."

Leo asubuhi pimbi ameketi juu ya jiwe,
anaota jua, hana haraka na mtu.
Kamongo amemwona.
Nimeishika kamba kwa mikono miwili.