Kuni

Mafinga, mwezi wa saba. Umande umeganda kwenye nyasi,
na dirisha la tatu la wodi halifungi.
Gaudensia amemleta Otmari mgongoni:
kitenge, juu ya kitenge blanketi,
juu ya blanketi koti la baba yake.
Tukafungua kama anayemenya kitunguu,
ndani kabisa tukamkuta mtoto.

Miezi kumi na tisa. Kilo sita na nusu.
Utepe ulizunguka mkono, ukasimama kwenye nyekundu.
Miguu imejaa. "Majirani walisema ananenepa."
Nikabonyeza kwa kidole gumba,
kidole kikaacha kisima.

Fomu inauliza, nami nauliza kwa sauti ya fomu.

Aliacha kunyonya lini?
— Mimba ilipoingia. Walisema maziwa yamechacha.
Maji mnachota wapi?
— Bondeni. Ng'ombe nao wanakunywa hapohapo.
Nani anabaki naye?
— Egidia.
Egidia ana miaka mingapi?
— Anaingia wa nane.
Anakula nini?
— Ugali. Mahindi tunayo, dada, nisikudanganye,
kihenge kimejaa mpaka panya wanachagua upande.
Na mayai?
Akacheka kidogo, akatazama mlango.
— Mayai ni madaftari.
Chanjo ya surua?
— Siku ile nilikuwa zamu ya kuchuma chai.

Nikatia vema kila kisanduku.
Kalamu haikupata mahali pa kuandika
kwamba viazi hupita mbele ya mlango wake kila wiki,
malori mazima, yakiteremka kwenda kushibisha miji.

"Afadhali hana homa," akasema Lwitiko,
mwanafunzi wetu, akiinua kipimajoto kwenye taa.
Thelathini na nne, nukta nane.
Alifurahi, maskini.
Hata mimi nilifurahi hivyo, mwaka wangu wa kwanza,
kwa mtoto ambaye jina lake sijalisahau.

Sikiliza, nikamwambia.
Homa ni moto, na moto ni kuni.
Huyu alishachoma vitanda, akachoma milango,
sasa anachoma paa.
Nimonia imeingia, imekaa sebuleni,
na hakuna mbwa wa kubweka.

Kwa hiyo dawa tunampa bila kungoja dalili.
Dalili ni mali ya walioshiba.

Maziwa mepesi, kila baada ya saa mbili, kwa kikombe,
polepole; ukimshibisha kwa pupa
moyo utashindwa kubeba hiyo karamu.
Kofia ya sufu. Kifua cha mama, ngozi kwa ngozi,
na lile koti la baba juu yao wote wawili,
wote watatu, ukihesabu aliye tumboni.

Saa saba. Saa tisa.
Gaudensia hakuuliza kitu. Alihesabu pumzi kwa vidole,
vidole vyenye rangi ya majani ya chai,
vikiisha anaanza upya.

Saa kumi na moja alfajiri Otmari akakunja uso,
akafungua kinywa, akalia.
Si kwa nguvu. Kama bawaba ya mlango wa ghala.

Lwitiko akaruka kumbembeleza.
Mwache, nikasema,
mwache kidogo alie,
tusikie amebakiwa na kuni ngapi.