Namba Arobaini na Moja

Mlio wa sekunde ishirini, kisha umeme miguuni,
kidogo tu, kama wa kitasa cha gari siku ya baridi.
Mara tatu. Basi.
Kesho yake napiga mlio peke yake
na namba arobaini na moja anaganda:
hata masharubu hayachezi,
mbavu tu zapanda na kushuka.
Nashika saa. Sekunde kumi na nane.
Naandika kwa penseli.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.
Sawa. Lakini nyoka akishaondoka
ung'ongo hulala wapi?

Daktari Oyarzún huchora ubaoni punje ya lozi,
ndani kabisa, usawa wa sikio.
Mlango wa seli una bawabu, chembe ya magnesiamu.
Mlio pekee haumbandui.
Mlio na umeme vikija pamoja husukumwa kando,
na kalsiamu huingia kwa kishindo,
kimeng'enya humwamsha mwenzake, naye mwenzake,
mpaka habari ifike kwenye kiini, jeni ifumbuliwe,
na protini zifinyangwe usiku kucha
panya akiwa kwenye usingizi wake.
Woga una mafundi, asema Daktari.
Kila ukumbukwapo, udongo hulowa upya saa chache;
wazuie mafundi saa hizo, ukuta haukauki.

Ndiyo kazi ya sindano.
Jana nilimpigia mlio mmoja wa kumkumbusha, nikamdunga.
Leo mlio umelia
na arobaini na moja ameendelea kujilamba kidole.
Daktari amepiga makofi mpaka glavu zikatoa unga.

Mimi nimeangalia dirishani, Mto Biobío, mvua.

Nilikuwa na miaka tisa.
Kabla ya ngurumo, kabla ya taa kuzimika Concepción nzima,
glasi za bibi yangu Fresia zilianza kusemezana kabatini,
taratibu, kama wageni wanaoogopa kuamsha mtoto.
Kisha sauti yake kutoka jikoni: Yasna.
Kisha: Yasna.
Ya tatu sijaisikia hadi leo.

Nyumbani kwangu tunanywea vikombe vya plastiki.
Mume wangu amezoea. Lori likipita na kijiko kikigonga sahani
ananikuta chini ya fremu ya mlango, pekupeku,
wala sijui nimevukaje chumba.

Sasa niambie, Daktari, wewe mwenye ubao:
protini ipi imebeba glasi
na ipi imebeba jina langu?
Maana vilikuja pamoja. Bawabu alisukumwa mara moja tu.

Nimemrudisha arobaini na moja kwenye kizimba chake.
Amenitazama kupitia waya kwa macho mepesi,
na sijui nilimtoa nini kingine humo.

Jioni nimefungua sanduku la chini ya kitanda,
nikafungua gazeti la mwaka ule.
Glasi moja ilibaki, ina ufa mdomoni.
Nimeiweka mezani, nikaigonga kwa ukucha.

Miguu ikataka mlango.
Nikaiambia ikae.

Nikagonga tena.