Mpe Anayefanana Naye

Jumatano usiku Salford yote ilinyamaza.
Hata baa ya wapakiaji, isiyojua kunong'ona,
iligeuza viti kuelekea runinga.
Kiooni mwanamke alibeba godoro, mvua ikimnyea,
mlango hadi mlango,
na kila mlango ulikuwa na sababu zake.

Mama yangu alilia hadi chai ikapoa mkononi.
Mama yangu, aliyesema miaka yote
kwamba wasio na nyumba ni watu wasiopenda kufagia.

Asubuhi simu ya ofisi ya makazi haikupumua.
Mimi ndiye karani, dirisha la tatu.
Bwana mmoja anamtolea yule dada chumba cha juu.
Bibi Tunnicliffe ana blanketi na shilingi kumi:
"Mpe mkononi mwake, asishike mumewe."
Nikamwambia, mama, yule ni mwigizaji,
ana nyumba, na bustani juu yake.
Kimya. Kisha:
"Basi mpe anayefanana naye."

Nikavuta droo. Faili zimebanana
kama watoto wa kitanda kimoja.
Noreen Hanratty. Watoto wanne, vikohozi vinne,
chumba cha chini ya ardhi, ukuta unatoka maji.
Ameomba mara kumi na moja.
Mhuri wangu wa hapana, mara kumi na moja.
Hafanani naye.
Ana meno mabovu, ana matusi,
wala hajui kulia akitazamwa.

Ijumaa madiwani, mabingwa wa kusinzia,
walisimama mmoja mmoja, macho mekundu,
wakapitisha nyumba arobaini.
Mwaka mzima faili zangu zilipanda ngazi kwao
zikarudi bila alama ya kidole.
Kweli haikuwatoa hata jasho;
uongo uliopangwa vizuri, dakika sabini na tano,
ukawatoa machozi.
Sijui nishukuru au nitapike.

Jumatatu Noreen akafika dirishani, mtoto kiunoni.
Naye aliuona mchezo, akasema,
kupitia kioo cha duka la redio,
amesimama njiani, bila sauti,
mpaka mwenye duka alipozima taa.
"Mwisho sikuuona. Alipata nyumba?"

Nikasema: Bado.
Akacheka, akavuta kiti.
"Basi andika. Ya kumi na mbili."

Nikautafuta mhuri ule mwingine, wa ndiyo.
Nikaukuta nyuma ya droo, wino umekauka.
Nikautemea mate.