Kijani Kisicholika

Simu iliita Jumanne, saa nne na robo,
chai yangu haijapoa.
Sauti ya mama, nyuma yake upepo,
nyuma ya upepo mbwa.
"Wewe ndiye unayetazama nyasi zetu kutoka mbinguni?"
Nikasema ndiyo,
ingawa mimi hukaa ghorofa ya nne, Ulaanbaatar,
dirisha linatazama bomba la moshi,
na mbinguni sijafika.

"Basi niambie umeona nini."

Nikafungua ramani. Wilaya yake, mwisho wa Julai,
kila mraba mita kumi kwa kumi,
na miraba yake na ya majirani zake
yote kijani, kijani cha kutilia kwenye kalenda.
Nikamsomea namba: sifuri nukta nne tano,
juu ya wastani wa miaka minane.
Nikamwambia, kwa sauti ya mleta habari njema,
malisho mwaka huu mazuri,
kwa hiyo bima haitalipa.

Akanyamaza. Mbwa akabweka kwa niaba yake.

Kisha: "Mwanangu, hicho kijani umekionja?"

Jina lake Tserendulam. Kondoo mia mbili na kumi,
mbuzi kiasi, farasi tisa, ngamia mmoja mkorofi.
Alinieleza polepole, kama amfundishaye mtoto kufunga kiatu:
mvua ilichelewa, nyasi za kweli zikakata tamaa;
ilipokuja ikakuta sharilji tu,
gugu chungu lenye harufu ya dawa,
likatanda bondeni kote.
"Kondoo hulinusa, hunitazama, huondoka.
Kutoka huko juu, kitamu na kichungu vina rangi moja."

Nilikuwa na shahada mbili ukutani.

Wahenga walisema macho hayana pazia.
Jicho letu linalo: wingu.
Na hata wingu likipita, jicho halina ulimi.
Setilaiti hurudi kila siku ya tano, haichelewi,
huhesabu mwanga unaotoka kwenye jani,
haiulizi nani atalila.
Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake;
mimi nilikipiga kitanda picha, nikapima shuka,
nikaandika ripoti kwa wizara: usingizi upo.

Septemba nilikwenda. Siku mbili za gari,
ya pili bila barabara.
Akanipa chai ya maziwa yenye chumvi,
halafu akainama, akang'oa shina moja mlangoni.
"Tafuna."
Nilitafuna. Sitaeleza.
Alicheka mpaka akashika nguzo ya hema.

Tukapigilia vigingi arobaini bondeni,
na mjukuu wake, Tuguldur, miaka kumi na minne,
akawa anapita na simu kila wiki,
anapiga picha, anaandika chini yake neno moja:
chakula. Si chakula. Chakula. Si chakula.
Hapo tena anaongeza: hapa nilimwona mbweha.

Kuna mwanga ambao jicho la mtu haliuoni,
na setilaiti huuona, tulikuwa tunautupa.
Humo, tulipoweka maneno ya kijana juu ya miraba,
sharilji ilijitenga na nyasi
kama mafuta na maji.
Nikaipa rangi ya majivu.
Nusu ya kalenda yangu nzuri ikawa majivu.

Majira yale ya baridi yalimchukulia kondoo mia na thelathini.
Kanuni mpya ilipitishwa Machi.
Kanuni hairudi nyuma; nilimpigia mwenyewe kumwambia,
sikumwachia karani.
Alisema, "Haya," neno fupi kuliko yote niliyowahi kulisikia,
na akauliza kama nakula vizuri huko mjini.

Julai hii simu imeita tena. Upepo, mbwa.
Nimewahi kuuliza mimi: umeona nini?
"Ngamia," anasema.
"Yule mkorofi, anaila sharilji.
Sasa sijui utampaka rangi gani."

Nimelifungua jedwali. Nimeongeza safu.