Kipande cha Saba

Maabara yetu iko nyuma ya bandari ya Sohar,
juu ya duka la matairi.
Nje ni Agosti, lami inashika soli.
Ndani nyuzi ishirini na tatu, wala si kwa raha yangu:
mpira ukipata joto hubadili kauli.

Nakata vipande saba, umbo la suruali,
miguu miwili, kiuno kimoja.
Kisha wembe, pale miguu inapoachana,
ufa mwembamba kama ukope.

Yaarub, mwanafunzi wa mazoezi, aliuliza jana:
mbona unaujeruhi kwanza, ndipo uupime?
Nikamjibu kwa Kiarabu, halikukaa.
Nikarudia kwa lugha ya nyumbani, maana na mamake ni wa Wete:
kukatika si kuchanika.
Mpira mzima hata lori utalivuta.
Mimi naulizia ule ulioguswa na wembe.

Bibi yangu Thuwaiba alilijua hili barabarani Ruwi,
kandambili ilipomchanika tunduni, pale pa kidole.
Aliitukana kwa Kipemba, wapita njia wakageuka,
akapenyeza pini ya mtandio chini ya soli,
akaenda zake kununua nguru.

Mguu mmoja taya la juu, mwingine la chini.
Mashine inavuta bila hasira.
Mstari unapanda, unasita, unateleza, unapanda tena,
na mpira unanong'ona trrr, trrr,
kama doti ya kanga ikichanwa iwe mbili.

Sita vikachanika wima. Kumi. Kumi na moja. Kumi na moja tena.
Cha saba kikagoma.
Ufa ukaacha njia, ukakata kushoto,
ukajizungusha, ukajifunga fundo,
na namba ikaruka hadi ishirini na nne.

Bwana Hilal wa kiwandani akapiga simu:
"Andika hiyo."
Mipira yake inakwenda kuziba mabomba ya maji ya chumvi.

Nimeandika zote saba, nikazipanga kwa ukubwa,
nikachukua ya katikati. Kumi na moja.
Pembeni, kwa wino: njia ilipinda.

Kesho atapiga tena.

Kipande chenyewe nimekitia mkobani,
kati ya risiti na ubani wa mama.
Kwenye taa nyekundu nakipapasa fundo kwa kidole gumba.
Sijui nini kiliugeuza ufa.
Masizi, labda, yaliyojikusanya mahali pamoja.
Taa imekuwa kijani. Wa nyuma anapiga honi.